Kengele Tatu

Kila alfajiri, hapa Sudbury, nawateremsha wanasayansi
kilomita mbili chini ya theluji.
Masikio yanawaziba. Wanapiga miayo ya uongo kuyazibua.
Huko chini wanakanyaga vumbi la nikeli hadi penye mlango
ambapo wanavua kila kitu, wanaoga, wanavaa nguo nyingine,
ndipo wanaingia kumngoja mgeni.
Miaka kumi na mmoja sijauliza ni mgeni gani.
Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, sawa,
lakini mimi nilikuwa na kengele za kusikiliza.

Jumamosi ile Réjean alikuja kuchukua keekee yake ya kutobolea barafu,
akaacha funguo za nyumba mezani, pembeni ya siagi.
Onni, mwanangu wa miaka tisa, hakutoka chumbani.
Alikuwa na simu yangu. Amepakua mchezo bila ruhusa,
na ili upate nafasi
amefuta picha zote za kiangazi.

Nilikaa kitandani nimgombeze. Akanionyesha elektroni,
kitoto chenye kofia, hakitulii:
ukikibana useme kiko wapi, kinasahau kinakwenda wapi.
Akanionyesha myuoni, anayezaliwa na koti la safari mwilini,
anapunga mkono mara moja, basi.
Wa kwanza Onni alimpa jina, Veikko, akamlilia.
Wa sitini na tano hakumpa hata salamu.

Kisha simu ikatega:
*Apita kwako usiku, apita kwako mchana,
hagusi kikombe, hafungui mlango,
na mbwa habweki. Nani?*
Upepo, nikasema. Deni, nikasema.
Nyutrino, akasema Onni, na hatua ya saba ikafunguka:
giza tupu, na agizo moja, usiguse kioo.
Watoto wote darasani kwake wameshindwa hapo.
Wanagusa.
Mimi niliiegemeza simu kwenye chupa ya sabuni, nikaosha vyombo,
nikasugua sufuria iliyoungua tangu Alhamisi,
nikakunja taulo.
Dakika arobaini. Kisha, kwenye kona ya kioo,
cheche ya buluu, ndogo kuliko jicho la sindano.
Onni alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Hatua ya nane sikuipenda.
Kwaki watatu chumba kimoja, wamefungwa kwa mpira,
na unaambiwa: mtoe mmoja.
Nilimshika wa tatu kwa kidole gumba, nikavuta.
Kamba nyingine ukizivuta huchoka. Hii inakaza.
Kadiri alivyokwenda mbali ndivyo walivyomtaka.
Nikavuta hadi kucha ikaniuma,
nikavuta kama nina kisa naye,
ikakatika,
na papo hapo pale ilipokatika
wakazaliwa wawili, mmoja kila ncha.
Onni akacheka. "Mama, huwezi. Hakuna anayebaki peke yake."
Yakatokea maandishi madogo, yale ambayo watoto hawasomi:
protoni ina uzito, lakini kwaki wake ni wepesi mno;
karibu uzito wote ni wa huko kuvutana.

Nikayasoma mara mbili.
Nikaenda kuangalia kama mlango wa gereji umefungwa.
Ulikuwa umefungwa. Nikasimama pale hata hivyo,
kwenye umbo la keekee, pasipo na vumbi.

Jumatatu, kwenye lifti, alikuwemo Ghislaine,
yule anayebeba chai kwenye chupa ya mtoto wake.
Nikamwuliza, "Mmemkamata?"
"Nani?" Masikio yalikuwa yamemziba.
"Yule asiyepiga hodi."
Akanitazama kama lifti imezungumza.
Mita mia mbili, mia nne, mwamba unapita kwenye nondo,
na yeye, na mimi, na hao wasiohesabika
wanaotupita mbavuni bila kuomba njia.
"Mmoja, nadhani," akasema. "Jumanne iliyopita. Bado tunabishana."
Akaanza kunieleza, kwa mikono, chai ikamwagika.
Sikuelewa nusu yake.
Nilimwambia aendelee kesho, tumefika,
nikagonga kengele tatu, maana yake:
humu ndani mna watu.